Mwongozo kwa Mzazi na Mwalimu Wasiotaka Kukutana

Kumfelisha mtoto mwenye akili zake timamu si kazi ya mtu mmoja. Mzazi peke yake hawezi, kwa sababu akitokea mwalimu hodari, mtoto ataokolewa darasani. Mwalimu peke yake naye hawezi, kwa sababu mama anayefungua daftari kila jioni atagundua mapema na kuja juu. Ili mtoto amalize miaka yote ya shule ya msingi na atoke mikono mitupu, ni lazima wakubwa wa nyumbani na wakubwa wa shuleni washirikiane, kila mmoja akitimiza sehemu yake bila kuchoka.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo. Nimeuandika kwa kejeli kwa sababu mafundisho ya adabu tumekwisha kuyasikia kwenye kila mahafali. Tunayapigia makofi, tunakula pilau, tunarudi nyumbani vilevile tulivyokuja. Lakini yote yaliyomo humu yanafanyika katika shule zetu za msingi hapa Tanzania, mjini na kijijini, na mimi sitaki hata mzazi mmoja au mwalimu mmoja ayafuate. Yasomeni muyaone jinsi yalivyo, kisha myaache.

Iteni kikao asichoweza kuja mtu

Mwalimu mkuu, kikao cha wazazi kiweke Jumanne saa nne asubuhi. Saa hiyo mama lishe ndiyo kwanza ameinjika maharage, kondakta wa daladala yuko barabarani, mkulima yuko shambani, na aliyeajiriwa keshaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Barua za mwaliko wape watoto Jumatatu jioni wakati wa kutoka: vile vikaratasi vilivyokatwa kwa rula ili rimu isiishe, vyenye maneno "unatakiwa kufika bila kukosa". Usiandike kikao kinahusu nini. Nusu ya vikaratasi hivyo vitabaki mfukoni mwa kaptula na kuonekana siku ya kufua.

Mzazi, nawe usiharibu mpango. Kikaratasi kikifika kwa bahati, mtume dada wa kazi, au bibi yake mtoto, au mwombe jirani anayekwenda kwa ajili ya wanawe akusainie. Baba wa nyumba asiende kabisa. Kazi yake ni kuuliza usiku, "Wamesema wanataka shilingi ngapi?"

Kikao chenyewe mnakijua. Kinafanyika chini ya mwembe, madawati yamebebwa na wanafunzi wa darasa la saba. Akina mama wamekaa mbele wamejitanda kanga, akina baba wachache wamesimama nyuma wameegemea pikipiki. Mgeni rasmi anachelewa, kwa hiyo saa nne inakuwa saa tano na nusu. Ajenda ya kwanza ni kufungua kikao. Ya pili ni taarifa ya taaluma, na mwalimu wa taaluma anaisoma kwa dakika tano kama mtu anayekimbiza basi: ufaulu wa darasa la nne umepanda, wa darasa la saba umeshuka kidogo, changamoto ni utoro, asanteni kwa kunisikiliza. Hakuna swali. Ya tatu ni michango, na hapo ndipo watu wanapoamka. Mlinzi, mpishi, kuni, mahindi ya uji, karatasi za mtihani wa majaribio. Mmoja anasema serikali imetangaza elimu bure. Mwingine anataka kujua hela za mwaka jana zilikwenda wapi. Mwenyekiti wa kamati anagonga meza. Saa mbili zinaishia hapo. Ikifikiwa ajenda ya "mengineyo", kivuli cha mwembe kimehamia upande wa vyoo, watoto wachanga wanalia, na kikao kinafungwa kwa dua.

Niseme wazi kinachoniuma katika kikao hicho. Wazazi wamekaa hatua chache kutoka kwa walimu wa watoto wao kwa muda wa saa tatu, na halijatajwa jina la mtoto hata mmoja. Mama ambaye mwanawe yuko darasa la tatu na hajui kusoma hakuzungumza na mwalimu wa darasa, ingawa mwalimu huyo alikuwa palepale, akipitisha karatasi ya mahudhurio ili watu wasaini. Wote wawili walikuwa na jambo la kuambiana. Mama anajua kwamba tangu baba yake ahame, mtoto halali vizuri. Mwalimu anajua kwamba mtoto anasogea karibu na ubao ili aone. Hayo mawili yangekutana, mtoto angepimwa macho na kupata mtu wa kumsemesha kabla muhula haujaisha. Hayakukutana.

Na dawa yake haihitaji mfadhili. Kikao kikiwekwa Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada, watu watakuja. Najua hiyo ni siku ya mapumziko ya mwalimu, na si haki kumnyang'anya. Apewe siku nyingine. Taarifa ya taaluma isisomwe chini ya mwembe. Kila mzazi aingie darasani, akae kwenye dawati la mwanawe, afunguliwe daftari, aoneshwe. Michango izungumzwe baadaye, na waliokwisha kuona madaftari ya watoto wao watazungumza kwa moyo mwingine kabisa.

Gombaneni kuhusu hela, na mtoto awe mjumbe

Ugomvi huu una historia, na anayetaka udumu lazima aijue. Novemba 2015 ulitoka Waraka wa Elimu Namba 5, uliofuta ada na michango katika shule za serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka huohuo ukatoka Waraka Namba 3, ukieleza nani ana jukumu gani. Humo mzazi alibaki na sare, madaftari na kalamu, na chakula na matibabu ya mwanawe.

Basi, mzazi, kariri waraka wa kwanza na wa pili usiusome. Kila ukiombwa daftari la mistari mikubwa, jibu, "Elimu si bure?" Mwalimu, wewe soma wa pili tu, tena panua majukumu ya mzazi mpaka yaingie fagio la chelewa, ndoo, jembe, rimu na hela ya mlinzi, kisha uyadai asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima: "Ambao hawajaleta hela, simameni huku."

Pande zote mbili zina hoja, na ndiyo maana ugomvi hauishi. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa shule ya msingi tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata shilingi hamsini na kitu kwa siku. Kwa hela hiyo mwalimu mkuu anatakiwa apate chaki, vitabu, mitihani na matengenezo. Mwalimu anayelalamika halalamiki bure. Lakini na mzazi anayeuliza hela za mwaka jana zilikwenda wapi ana haki ya kujibiwa kwa tarakimu. Jibu la "tulizitumia kwa maendeleo ya shule" halimwambii kitu, na anayelitoa anajua hivyo.

Kinachonikera ni yule aliyewekwa katikati. Mtoto wa miaka tisa hana mshahara, hana shamba, hana mpesa. Ukimsimamisha mstarini kwa sababu ya hela ya mlinzi, umemwadhibu kwa deni la mtu mwingine, tena mbele ya wenzake, na kesho atakwenda kucheza porini hadi saa ya kurudi nyumbani. Huo ndio utoro unaosomwa kwenye taarifa ya taaluma. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango hiyo na kuagiza kwamba asirudishwe mtoto nyumbani kwa sababu yake. Agizo lilikuwa sahihi kwa upande wa mtoto. Likaacha, hata hivyo, swali la uji. Mtoto aliyetembea kilomita tatu asubuhi akakaa na njaa hadi saa nane hafundishiki, awe na mwalimu bora kiasi gani, na uji huo lazima utoke kwa mtu fulani.

Viko vijiji vilivyolimaliza jambo hili kwa busara. Wazazi walikubaliana kutoa mahindi na maharage wakati wa mavuno badala ya fedha wakati wa njaa. Kamati ikapima kila gunia mbele ya watu, na hesabu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kilo kwa kilo, pamoja na kiasi kinachopikwa kila wiki. Asiye na shamba akaleta kuni au akaja kupika. Hakuna mtoto aliyetumwa na ujumbe wowote. Mjini mahindi hayapo, lakini ubao wa matangazo upo, na karatasi moja yenye mapato upande huu na matumizi upande ule ingemaliza nusu ya kelele za vikao vyetu.

Kutaneni kwenye makosa tu

Mwalimu, mzazi usimtafute mpaka mtoto apigane, avunje kioo au akutwe na simu. Hapo andika wito. Usimwite mzazi kumwambia kwamba mwanawe amejua kugawanya, wala kwamba ni yeye anayemwongoza mwenzake asiyeona vizuri kwenda msalani. Akija shule mara mbili kwa miaka saba, mara zote mbili kwa aibu, atajifunza kuichukia njia ya kwenda huko.

Watoto nao si wajinga. Wanajua kwamba wito maana yake ni fimbo mbili, ya nyumbani na ya shuleni, kwa hiyo wamebuni suluhisho lao. Wanakwenda kijiweni, wanampa mwendesha bodaboda buku mbili, anavaa shati la mikono mirefu na kuingia ofisini: "Shikamoo mwalimu, mimi ndiye mjomba wake." Mwalimu anaeleza kosa kwa kirefu. Mjomba anatikisa kichwa kwa uchungu, anaahidi kwamba familia itakaa kikao, anasaini. Watu husimulia visa hivi wakicheka. Mimi naona humo msiba wa shule nzima: mwalimu amemfundisha mtoto miaka minne na hamjui baba yake kwa sura.

Halafu kuna mzazi halisi anayefika, na neno lake la kwanza ni, "Mwalimu, huyu ni wako, mchape tu." Anadhani amemheshimu mwalimu. Kibali hicho hana uwezo wa kukitoa. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kwa maoni yangu hata hivyo vinne vimezidi. Ila hata asiyekubaliana nami akumbuke kwamba mzazi aliyemwambia mwalimu "mchape" amekwisha kujitoa. Alikuwa na nafasi ya kuuliza, "Lilianza lini? Anakaa na nani darasani? Nyumbani nifanye nini?" Maswali hayo matatu yangemgharimu dakika kumi.

Daftari lifungwe

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ukiifuata hii moja unaweza kuziacha zilizobaki.

Mwalimu, kazi ya nyumbani itoe, halafu uisahihishe kwa alama moja ndefu ya vema inayoteremka ukurasa mzima. Mzazi, ukiambiwa usaini daftari, saini tu, bila kulifungua ukurasa wa jana. Andika "Nimeona". Usiku mwingine mtoto atajisainia mwenyewe, maana wa darasa la tatu anaweza kuiga sahihi yako vizuri kuliko anavyoweza kuandika imla.

Simlaumu mwalimu haraka katika hili. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini madarasa yenye watoto mia na zaidi yapo tele, wengine wamekaa sakafuni. Madaftari mia, kila moja dakika moja, ni saa moja na dakika arobaini kwa somo moja, na mwalimu ana masomo kadhaa, maandalio, zamu, na watoto wake mwenyewe nyumbani. Wala simlaumu haraka mama anayetoka na daladala ya saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Lakini hapo ndipo ninaposema lazima wazungumze, kwa sababu wote wawili wamebanwa, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Tunajua kinachotokea kila mmoja anapodhani hivyo. Mwaka 2010 Uwezo, mradi wa Twaweza, ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, wakamwomba mtoto asome. Kwa darasa la tatu, takriban watatu tu kati ya kumi waliweza kuisoma. Kwa waliokuwa wamefika darasa la saba, mmoja kati ya watano alikuwa bado hawezi. Hiki ni Kiswahili, lugha tunayoongea sokoni na nyumbani. Mtoto alikuwa amekaa darasani miaka saba, amevaa sare, amebeba begi, amepita mbele ya walimu wasiopungua kumi na mbele ya wazazi wake kila jioni, na hakuna aliyeshtuka kwa sauti. Mwaka 2015 serikali ikaleta mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mtaala haumsikilizi mtoto wako akisoma.

Wazazi wengi wananiambia, "Mimi sikusoma, nitamkaguaje?" Unaweza, hata kama hujui herufi. Mwambie akusomee ukurasa kwa sauti wakati unachambua mboga. Masikio yako yanajua Kiswahili. Utasikia kama anasoma sentensi inayoeleweka au anakwama kila neno. Ukihisi amekariri, na watoto wa darasa la kwanza hukariri vitabu vizima wakiwa hawajui hata silabi moja, weka kidole chako katikati ya ukurasa na umwambie, "Anzia hapa." Aliyekariri atarudi juu kutafuta mwanzo. Kesho mpe ukurasa uleule. Anayebuni atabadilisha maneno. Anayesoma atasema yaleyale. Kwa hesabu huhitaji ubao. Mpeleke gengeni, mpe noti ya elfu mbili, mwambie nyanya ni za mia tano, chenji akuletee kamili na akueleze imepatikanaje.

Ukishajua, nenda kwa mwalimu na neno moja lililo wazi. Usiseme, "Huyu mtoto mzito." Sema, "Mwalimu, silabi za *ba* na *ka* anaziweza, akifika kwenye *nywa*, *mbwe* na *ng'o* anakwama." Mwalimu mwenye watoto mia na kumi akipata taarifa kama hiyo ameokolewa wiki nzima ya kutafuta. Na mwalimu naye amrudishie mzazi neno moja, wala si hotuba: "Mama, wiki hii tuko kwenye kujumlisha hadi mia. Mhesabishe vitumbua unavyouza." Nimeshuhudia mwalimu wa darasa la pili akifanya hivyo mlangoni mwa darasa, asubuhi, akizungumza na mama mmoja huku chaki iko mkononi na watoto wanaingia.

"Shikamoo mama. Huyu wetu jana amesoma mstari mzima bila kusaidiwa."

"Marahaba mwanangu. Wewe! Mstari mzima?"

"Mzima. Leo usiku mpe wa pili."

Hayakuchukua hata dakika moja. Mama aliondoka akiwa na kazi ya usiku, mtoto akaingia darasani amenyoosha shingo, na mwalimu akawa amepata msaidizi asiyelipwa na serikali. Ushirikiano wa mzazi na mwalimu ninaoutetea katika makala hii ni huo. Mambo mengine yote, kamati na warsha na mabango, yana maana pale tu yanaposaidia mazungumzo kama hayo yatokee kwa kila mtoto.

Dharaulianeni mbele yake

Mzazi, mwalimu wa mwanao mwite vodafasta, yaani wa kozi ya haraka haraka, wakati mtoto anakula. Sema walimu wa siku hizi ni waliofeli. Mwalimu, nawe liambie darasa, "Mkishindwa hapa mtaishia kulima kama wazazi wenu." Mtoto atajumlisha: wa shuleni hajui, wa nyumbani ni mfano wa kushindwa, basi hakuna wa kumsikiliza.

Jambo hili si la jana. Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua, aliandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, na moja ya manung'uniko yake lilikuwa kwamba shule inamtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfanya adharau maarifa ya wazazi wasiosoma vitabu. Zaidi ya nusu karne baadaye sentensi ya "mtalima kama wazazi wenu" bado inasemwa, na inasemwa na watu wanaokula mahindi yaliyolimwa na wazazi haohao. Naomba ife. Na neno vodafasta life nalo, maana vijana wale waliosomeshwa haraka haraka ndio waliokwenda kufungua shule za kata mahali ambapo wenye shahada walikataa kuripoti.

Au lipa tu

Wenye uwezo wana njia ya mkato. Mpeleke mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza, lipa ada, gari la shule limchukue saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha jioni amelala. Kuanzia hapo wewe ni mteja. Mwalimu akikwambia mtoto hajui kitu, mkumbushe ada ni milioni ngapi. Kazi ya nyumbani ifanye wewe mwenyewe, au mlipe mwalimu wa tuisheni aifanye, ili apate ishirini kwa ishirini. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa jibu "Amina" kwa kila dua, tuma matangazo ya viwanja, na ujumbe wa mwalimu kuhusu jaribio la Ijumaa upotee humo katikati.

Ukichoka zaidi, mpeleke bweni. Ilifika mahali watoto wa miaka mitano na sita wakawa wanalala shuleni miezi mitatu mfululizo, hadi mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipotoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano. Waraka huo ulipingwa na baadhi ya wazazi. Naelewa sababu zao: foleni, kazi, wasichana wa kazi wasioaminika, nyumba zenye mzazi mmoja. Bado nasema serikali ilikuwa sahihi. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu wa kumsomea usiku anayempenda, na ada hainunui mtu huyo.

Vyombo vipo, vitumieni

Hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati ya shule kwa kila shule ya msingi, na wazazi wamo. Katika shule nyingi upo pia UWAWA, yaani Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, unaowaunganisha wazazi na walimu darasa kwa darasa, na hapo ndipo mambo ya mtoto mmoja mmoja yanapopaswa kufika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaja mzazi kwa wajibu wake wa kumpa mtoto malezi, chakula na elimu. Udhaifu wetu ni kwamba ujumbe wa kamati tumewaachia watu walewale miaka nenda rudi, wengine watoto wao walikwisha kumaliza, na tunawakumbuka siku ya ugomvi wa hela tu.

Muhula mpya unafunguliwa Januari. Mzazi, wiki ya kwanza nenda shuleni kabla hujaitwa, mtafute mwalimu wa darasa, msalimie, mpe namba yako ya simu na umwambie saa unayopatikana. Mwalimu, chagua watoto watano kila wiki na uwapelekee wazazi wao neno moja jema na moja la kufanyia kazi; hata ukiwa na darasa la watoto mia, baada ya wiki ishirini utakuwa umewagusa wote. Na mkikaa chini ya mwembe kwenye kikao cha kwanza, mmoja wenu anyooshe mkono kabla ya ajenda ya michango, aombe madaftari yaletwe kwanza.